Saadani bila Kukwama: Mwongozo Kamili wa Kuona Msitu, Wanyama na Bahari kwa Safari Moja

Kila sikukuu ikipita napata malalamiko yale yale. "Tumefika, bahari haipo." "Gari limezama kwenye tope, tumelala njiani." "Saa nne tumezunguka, tumeona ngiri watatu." Ukiwauliza walipangaje safari, wanataja siku za likizo: Ijumaa kwenda, Jumapili kurudi, basi. Hakuna aliyetazama mwezi uko wapi, na hakuna aliyeuliza mvua ilinyesha lini.

Mikumi unakwenda na gari na kibali. Saadani unahitaji pia kalenda ya maji. Hii ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Tanzania Bara ambako nyika inashuka mpaka Bahari ya Hindi. Ndani ya kilometa za mraba zipatazo 1,100 utakuta mbuga, msitu wa pwani, mto wenye viboko, mikoko na ufukwe. Kila kimoja kina saa yake. Ukizikosa saa hizo, utalipa kibali kamili uone matope.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda na gari lake au la kukodi, na analala usiku mbili. Usiku mmoja hautoshi. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Dar usijaribu kabisa. Basi la abiria linaweza kukufikisha kijijini, ila ukishuka huna cha kuzungukia, na kutembea kwa miguu hifadhini bila askari hairuhusiwi. Wa basi apatane kwanza na nyumba ya wageni yenye gari.

## Vya kuandaa kabla ya kuwasha gari

Gari na vifaa vyake:

- Gari la juu ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Kiangazi kikikolea gari dogo linaweza kufika kijijini, lakini ndani litakuaibisha.
- Tairi la akiba lenye upepo. Libonyeze kabla ya kuondoka, usimwamini aliyekukodishia.
- Koleo, kamba nene ya kuvutia, na jeki pamoja na kipande cha ubao wa kuwekea jeki. Bila ubao, jeki inazama kwenye tope na gari linabaki pale pale.
- Mafuta ya kutosha kwenda, kuzunguka na kurudi. Jaza Bagamoyo, Chalinze au Pangani, kulingana na unakotokea.

Vya mwilini na mfukoni:

- Kitambulisho cha NIDA au pasipoti kwa kila mtu mzima.
- Nguo za rangi ya mchanga au kijani kilichofifia. Bluu iliyokolea na nyeusi ziache nyumbani. Mbung'o wanazipenda kupita kiasi, na upande wa Mkwaja, kaskazini mwa hifadhi, ni wengi.
- Suruali ndefu, soksi ndefu na viatu vya kufunika kwa ajili ya msituni.
- Maji ya kunywa, angalau lita tatu kwa mtu kwa siku, na dawa ya mbu.
- Tochi, na kipande cha plastiki nyekundu cha kuifunika. Sababu utaiona kwenye Hatua ya 7.
- Mifuko ya kitambaa au vikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.
- Fedha taslimu kidogo kwa ajili ya kijijini. Kwa tozo za hifadhi hazitakusaidia.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kutazama mwezi

Pwani ya Saadani imelala, haina mteremko mkali. Maji yakipwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inaondoka kabisa na kukuachia tambarare ya mchanga na tope. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo inazidi meta 3. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti ni ndogo na maji hayaendi mbali.

Huna haja ya kuwa mvuvi kujua saa zake. Katika mwambao wetu wa kaskazini, siku za bamvua maji hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne au tano asubuhi. Simu ina programu za kupwa na kujaa. Tafuta Tanga au Zanzibar, utapata saa zinazokaribiana na za Saadani.

Kwa hiyo chagua hivi. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea aende wiki ya maji mafu, bahari itakuwa karibu asubuhi na mapema mchana. Anayependa kutembea juu ya mchanga mpana, kutazama ndege na kuona wavuvi wakirudi aende bamvua.

Baada ya mwezi, tazama mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Juni mpaka Septemba, na tena Januari na Februari, ndiyo miezi ya kutulia. Wakati wa upepo wa kusi, katikati ya mwaka, bahari huchafuka zaidi mchana, ogeleeni mapema.

Umefanikiwa ukiwa na: karatasi moja yenye tarehe zako tatu, na kando ya kila tarehe saa ya maji kujaa na saa ya kupwa. Ibandike kwenye dashibodi.

## Hatua ya 2: Chagua barabara kwa kuuliza udongo

Kutoka Dar kuna njia mbili. Ya kwanza inapita Bagamoyo na Makurunge, kisha inavuka mto Wami. Ya pili inazunguka Chalinze, inashika barabara ya Segera mpaka Mandera, kisha inakata kulia kupitia Miono, kama kilometa 60 za vumbi mpaka Saadani. Anayetoka Tanga anashuka Pangani, anavuka mto, anapita Mkwaja na kuingilia kaskazini.

Ya Bagamoyo ni fupi. Wengi wanaichagua kwa sababu hiyo, na wengi wanaozama wanazama kwa sababu hiyo. Ufupi hausaidii kama mvua imenyesha. Ndani na kuzunguka hifadhi kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka unapasuka kama sahani na ukilowa unanata kama gundi. Wazee waliuita mbuga udongo huo na bonde lake la nyasi, muda mrefu kabla mijini hatujaanza kuita kila hifadhi ya wanyama mbuga. Ukizama mpaka ekseli utaielewa maana ya neno bila kamusi.

Mimi nilizama Aprili mmoja, saa kumi jioni, baada ya kujiambia kuwa alama za matairi zilizo mbele ni ushahidi kwamba panapitika. Zilikuwa za trekta. Trekta hilo hilo ndilo lililokuja kututoa kesho yake saa tatu asubuhi.

Piga simu nyumba ya wageni unakokwenda kulala, siku moja kabla. Usiulize "barabara ni nzuri?" maana mwenye biashara atakwambia nzuri. Uliza: "Gari la mwisho la wageni limefika lini, na limepita njia gani?" Jibu la swali hilo ni la kuaminika.

Tahadhari: karibu na kijiji kuna mashamba ya chumvi na majangwa meupe yanayong'aa. Kwa macho ni sakafu ya saruji. Gamba la juu limekauka, chini yake ni uji. Usitoke kwenye njia hata kwa meta mbili ili kupiga picha. Kuacha njia kwa gari ni kosa hifadhini hata pakiwa pakavu.

Umefanikiwa ukiwa: umetoka Dar saa kumi na moja alfajiri na kufika kabla ya adhuhuri, una saa za mwanga za kutosha hata pancha ikikupata.

## Hatua ya 3: Lipia kabla hujafika, na ujue kibali kinahesabuje

Malipo ya hifadhi za taifa hayapokelewi kwa noti langoni. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kila mtu anaiita kontroo namba, na unalipa benki au kwa simu. Mtandao kule ni wa kubahatisha. Nimeona familia imekaa langoni saa nzima, baba ameinua simu juu ya paa la gari kama anaomba mvua. Wasiliana na TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, mapema, pata namba, lipa ukiwa mjini, na piga picha risiti.

Tozo hubadilika, kwa hiyo thibitisha za mwaka huu. Mambo haya matatu ndiyo yanawaponza watu:

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kidogo sana. Mgeni hulipa zaidi sana. Kinachotazamwa ni karatasi, si rangi wala Kiswahili. Shemeji aliyezaliwa Tandika lakini sasa ana pasipoti ya Kanada analipa kama Mkanada. Mwambieni kabla, msigombane langoni.

Kibali huhesabiwa kwa saa kuanzia unapoingia, mara nyingi saa 24, ila thibitisha saa zako kabla ya kulipa. Kikiwa cha saa 24, ukiingia saa nane mchana, mchana huo na asubuhi ya kesho vyote vimo. Ukiingia saa kumi na mbili asubuhi, siku nzima ni yako lakini asubuhi ya pili haimo. Uliza pia langoni kama ukitoka kwenda kula utarudi kwa kibali kile kile.

La tatu linaokoa fedha nyingi. Kabla ya kulipia malazi uliza: "Mko ndani ya mpaka wa hifadhi au nje?" Ukilala ndani, tozo za hifadhi zinaendelea kuhesabika juu ya chumba au hema. Ukilala nje, siku ya kufika unaweza kuoga baharini bila kibali chochote.

Umefanikiwa ukiwa: langoni unatumia dakika kumi, unaonyesha risiti na vitambulisho, unaandikwa, unapita.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza mpe bahari

Mmechoka na mna vumbi mpaka kwenye kope. Msikimbilie wanyama. Tazama karatasi ya dashibodi, na ingieni baharini maji yakiwa yanajaa, si yanapotoka. Maji yanayojaa hukurudisha ufukweni, yanayopwa hukuvuta.

Usitegemee maji ya bluu ya Nungwi kule Zanzibar. Mto Wami unamwaga udongo wake hapa, kwa hiyo bahari ina rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo, si uchafu. Ila kwa sababu huoni chini, buruta nyayo mchangani badala ya kuinua miguu, ili taa, yule samaki bapa, aliyejifukia asikie mtikisiko na kuondoka. Ukimkanyaga, atakuchoma kwa mwiba wa mkiani.

Tahadhari: usioge karibu na mdomo wa Wami, hata maji yakionekana ya chumvi. Mamba hawasomi ramani.

Jioni hiyo nenda kijijini. Wasalimie wazee vizuri, nunua samaki, na waulize maji ya kesho. Mzee mmoja niliyempa shikamoo akaitika "marahaba", akatazama karatasi yangu ya saa za maji, akatazama bahari, akasema: "Mjukuu wangu, hii yako inasema saa tano. Ongeza robo saa." Kesho yake nilitazama saa. Robo saa kamili.

## Hatua ya 5: Siku ya pili, wanyama kabla jua halijachoma

Uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, linapofunguliwa. Hapa si Serengeti. Wanyama hawajajipanga kandokando ya barabara. Nyasi ni ndefu na vichaka vingi. Ikifika saa nne wameshaingia kivulini, na hilo ndilo linalowapa watu ngiri watatu.

Mchukue askari au mwongozaji wa hifadhi akae kiti cha mbele. Anajua jana tembo walikuwa upande gani, wewe hujui. Twiga, kuro, kongoni, tohe na ngiri utawaona kwa kawaida. Nyati na tembo kwa subira. Simba wapo, ila usimwahidi mtoto simba. Anayestahili kutafutwa zaidi ni palahala, swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Dume lake ni jeusi na tumbo jeupe.

Endesha taratibu. Kasi ya juu kabisa ni kilometa 50 kwa saa, lakini ukitaka kuona kitu nenda 20. Zima injini kila mara kwa dakika tano. Wanyama wengi wa Saadani niliwaona gari likiwa limezimwa.

Tahadhari: mbung'o wakiingia, usifungue milango kuwatoa, wataingia wengine. Funga vioo, wapige kwa kitambaa. Na chakula kisionekane dirishani mahali penye nyani. Nyani wa maeneo ya kupumzikia anajua mlio wa kifuniko cha hotipoti.

## Hatua ya 6: Alasiri, msitu wa Zaraninge

Watu wanauruka msitu huu kwa sababu hauna simba wa kupigia picha. Kwangu ndiyo kiini cha safari. Zaraninge uko juu kwenye mwinuko, kusini-magharibi mwa hifadhi. Ni kipande cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo imebaki vipande vipande na ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani.

Panga na askari tangu asubuhi. Bila yeye huingii. Ingiza suruali ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu na kupe. Tembeeni mstari mmoja, askari mbele, watoto katikati. Kisha fanya jambo ambalo vikundi vingi vinashindwa: simameni kimya dakika kumi mahali pamoja. Dakika tatu za kwanza hakuna kitu. Halafu matawi yanaanza kutikisika, kima wanarudi, hondohondo wanalia kama mtoto anayelilia nyonyo. Chini, kwenye majani makavu, sikiliza mchakacho mfupi unaokatika na kuanza tena. Huyo huenda ni sange, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Niliyemwona mimi alikuwa na mabega mekundu kama kutu na mgongo mweusi. Alisimama, akapekua majani mara mbili, akatoweka kabla sijainua darubini.

Juu tafuta mbega, mweusi mwenye nywele ndefu nyeupe mabegani. Hashuki kirahisi, kwa hiyo shingo itauma.

Tahadhari: ogopa upupu kuliko nyoka. Ni mtambazi wenye maganda ya rangi ya dhahabu yenye manyoya, na kiangazi upepo unayapeperusha. Yakikugusa usikune wala usijifute kwa mkono. Paka tope au jivu, liache likauke, kisha libandue pamoja na manyoya.

Umefanikiwa ukiwa: umetoka msituni na mwanga bado upo, ili uwe nje ya lango kabla ya saa kumi na mbili jioni.

## Hatua ya 7: Wami na kasa, kwa amri ya maji

Safari ya boti mto Wami iweke siku ya kwanza jioni au ya tatu asubuhi, kutegemea karatasi yako. Mwache nahodha achague saa. Akikwambia saa saba na wewe unataka saa tatu, yeye ndiye anayejua fungu la mchanga liko wapi mdomoni mwa mto. Vaa jaketi okozi, na kama hakuna ya kukutosha usipande. Mtaanza na mikoko, mchu na mkoko wenye miguu kama buibui, kisha maji yanapoteza chumvi na viboko wanaanza kuchomoza macho. Kaa chini, anayesimama kupiga picha ndiye anayeyumbisha chombo.

Kasa wanataga ufukwe wa Madete, kaskazini mwa hifadhi. Hutaga zaidi karibu na masika, na mayai hukaa mchangani kama miezi miwili. Ndiyo maana anayekwenda Juni au Julai ana bahati zaidi ya kukuta vitoto. Kwenda usiku ni kwa ruhusa ya hifadhi na askari tu. Ile plastiki nyekundu ni ya hapa: mwanga mweupe humrudisha mama baharini na mayai yake, na hupoteza vitoto ambavyo hufuata mng'ao wa bahari. Kaa nyuma yake, usitumie mwanga wa kamera, na usikibebe kitoto kukipeleka majini hata kikionekana kimechoka. Makombe na matumbawe nayo yabaki yalipo.

## Hatua ya 8: Kutoka

Hesabu saa za kibali chako, acha saa moja ya ziada. Kung'uta viti, kupe mmoja anaweza kusafiri mpaka Kinondoni. Na ukifika mjini, kabla hata ya kulala, peleka gari likaoshwe chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye ekseli. Chumvi ya Saadani haisubiri Jumatatu.